Hakuna Ndege Iliyoitoroka Dunia

Watu wengi hupanda ndege wakiwa na hofu, na hofu hiyo mara nyingi hulishwa na maelezo yasiyo ya kweli. Mmoja anasema ndege ikishafika juu, dunia haiivuti tena. Mwingine anasema injini zikizima ni kifo. Wa tatu anauliza: ikiwa dunia kweli inazunguka, ndege hutuaje? Maneno haya husemwa barazani, ndani ya daladala, na mengine hufundishwa darasani mbele ya ubao. Nimechagua saba yanayorudiwa sana, niyajibu moja baada ya jingine.

Kwanza tukumbushane kani nne zinazoigusa ndege ikiwa angani. Uzito wake huivuta kuelekea kitovu cha dunia. Hewa inayopita kwenye mabawa huiinua. Injini huisukuma mbele. Ukinzani wa hewa huirudisha nyuma. Hakuna ya tano iliyofichwa. Madai haya mengi hupotea njia kwa sababu yanaisahau hewa, na hewa ndiyo inayobeba ndege.

Dai la kwanza: Ndege ikipaa juu sana, mvutano wa dunia hauifikii

Unaifikia, tena karibu wote. Ndege kubwa za abiria husafiri kwenye kimo cha kilomita 11 hivi. Kutoka kitovu cha dunia hadi usoni pake ni kilomita 6,371. Kuongeza 11 juu ya hizo ni sawa na kupanda kidato kimoja cha ngazi yenye vidato karibu mia sita. Kwa hesabu ya Newton, mvutano hupungua kwa asilimia 0.35 tu. Mtu wa kilo 70 angepungukiwa na gramu 240 hivi, uzito wa kikombe kimoja cha chai.

Hata wanaanga wanaoelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 juu, bado wanavutwa kwa nguvu ya asilimia 88 hivi ya ile ya ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakiizunguka dunia. Abiria wa ndege haelei. Amekaa kitini, mizigo imetulia, na chai imebaki kikombeni. Safari nzima dunia imewashika wote.

Dai la pili: Hewa ya juu ya bawa hukimbia ili iikute ile ya chini

Dai hili limo hata kwenye vitabu vya shule. Linasema bawa limebinuka juu na ni bapa chini, kwa hiyo hewa ya juu ina njia ndefu zaidi. Lazima ikimbie ili ifike ukingo wa nyuma pamoja na hewa ya chini iliyoachana nayo mbele. Ikikimbia, shinikizo lake hupungua, na bawa huinuka.

Sehemu ya mwisho ni kweli. Hewa ya juu huenda kasi zaidi na shinikizo lake ni dogo zaidi, kwa kanuni aliyoichapisha Daniel Bernoulli mwaka 1738. Kosa limo katika neno "lazima". Hakuna sheria ya maumbile inayozilazimisha chembe mbili za hewa zilizoachana zikutane tena. Profesa Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipitisha moshi vipande vipande juu na chini ya bawa, akaupiga picha. Moshi wa juu ulifika nyuma mapema kuliko wa chini. Haukumngoja mwenzake.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda Cambridge. Alitazame tanga la jahazi. Tanga ni kitambaa. Upande wake huu na upande wake ule ni urefu mmoja, hakuna njia ndefu wala fupi. Hata hivyo nahodha akienda joshi, upepo ukimjia kwa mbele kidogo ubavuni, chombo chake hakirudishwi nyuma. Kinakata maji kwenda mbele. Tanga lililotuna limeupinda upepo na kuutupa upande mmoja, na upepo umelisukuma tanga upande wa pili. Lilaze tanga hilo, utakuwa umepata bawa. Ndege ya ndugu wawili Wright, iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 huko Marekani, ilikuwa na mabawa ya namna hiyo hasa: kitambaa chembamba juu ya mbao, kilichopindwa kidogo.

Bawa huinua ndege kwa kuitupa hewa chini. Hewa inaposukumwa chini, bawa husukumwa juu. Kasi ya hewa, tofauti ya shinikizo na hewa kutupwa chini ni tukio moja linaloelezwa kutoka pande tatu. Ndiyo maana ndege za maonyesho huruka hata zikiwa zimepinduka, magurudumu juu. Rubani huliweka bawa katika pembe ambayo bado hewa inatupwa chini. Kama "njia ndefu" ndiyo ingekuwa siri ya kuruka, ndege iliyopinduka ingesukumwa ardhini na mabawa yake yenyewe.

Dai la tatu: Injini ndizo zinazoishikilia ndege, zikizima, inadondoka kama jiwe

Dai hili ndilo linalowanyima abiria usingizi, kwa hiyo tulijibu kwa matukio yaliyorekodiwa.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa ikivuka Kanada kwenye kimo cha futi 41,000, yaani kilomita 12.5. Mafuta yakaisha njiani, kwa kuwa wakati wa kujaza hesabu ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Injini zote mbili zikazima. Ndege haikudondoka. Rubani Bob Pearson, aliyekuwa amezoea kurusha ndege ndogo zisizo na injini, aliinyiririsha hadi Gimli, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga iliyokuwa ikitumika kwa mashindano ya magari. Alipokaribia, tatizo lake lilikuwa kwamba bado yuko juu mno. Ikambidi aiendeshe kiubavu, ili ukinzani wa hewa umpunguzie kimo. Watu wote 69 walitoka hai.

Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilivujisha mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki. Bila injini hata moja, ilinyiririka kwa dakika 19 hivi, takriban kilomita 120, hadi Lajes katika visiwa vya Azores. Nayo ilifika ikiwa juu mno. Rubani Robert Piché alilazimika kuzunguka duara zima angani ili ashuke. Watu wote 306 walinusurika.

Ndege mbili zisizo na injini, na shida ya mwisho ya kila moja ilikuwa kimo kilichozidi. Jiwe halipati shida hiyo.

Kilichozisukuma ni uzito wenyewe. Injini ikizima, rubani huinamisha pua kidogo, na mvutano wa dunia huishika kazi ya injini. Ni kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli bila kupiga pedali. Ndege huenda mbele huku ikishuka, hewa huendelea kupita kwenye mabawa, na mabawa huendelea kubeba. Kwa kila kilomita moja ya kimo, ndege kubwa ya abiria huweza kusafiri kilomita 12 hadi 17 hivi mbele. Wala si kweli kwamba ndege nzito hufika karibu zaidi kuliko nyepesi. Uzito ukiongezeka, ndege hunyiririka kwa kasi zaidi, lakini umbali unabaki karibu uleule.

Sisemi kuzima kwa injini si hatari. Watu wa Komoro wanalijua hilo. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilitekwa, na watekaji wakataka iende Australia. Mafuta yakaisha karibu na Ngazija. Hata hapo ndege haikudondoka. Rubani Leul Abate, huku akizongwa na mtekaji, aliiteremsha hadi kwenye maji karibu na ufuo. Upande wa kushoto ulitangulia kugusa bahari, na ndege ikakatika. Kati ya watu 175, waliokufa ni 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo jaketi zao za kuokolea wakiwa bado ndani, wakashindwa kutoka maji yalipoingia. Mabawa yaliwafikisha majini. Walichokosa ni uwanja, na mikono ya rubani iliyo huru. Ndiyo maana mhudumu husisitiza kwamba jaketi hujazwa upepo ukiwa mlangoni, na asemapo hivyo anastahili kusikilizwa.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France, aina ileile iliyonyiririka hadi Azores, ilianguka katika Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Watu wote 228 walikufa. Injini zake zilikuwa zikifanya kazi. Vipimo vya kasi viliziba kwa barafu, mtambo wa kujiendesha ukajiondoa, na rubani mmoja akawa anaivuta pua juu. Bawa likasimama kwa pembe kali mno, hewa ikashindwa kulifuata, nalo likaacha kubeba. Ndege ilishuka kutoka futi 38,000 hadi baharini kwa dakika tatu na nusu hivi, pua juu, injini zikinguruma.

Ndege ya aina moja ilitua salama bila injini, na nyingine ikaanguka ikiwa na injini nzima. Kinachoibeba ndege ni hewa inayolifuata bawa.

Dai la nne: Nairobi iko juu, kwa hiyo kuruka kutoka huko ni rahisi kuliko Mombasa

Ni kinyume chake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho mvutano umepungua kwa asilimia 0.05 tu, kiasi ambacho hakuna rubani anayekihesabu. Lakini hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 hivi. Bawa linalotupa hewa nyepesi lazima liende kasi zaidi ili lipate nguvu ileile, kama asilimia 8 zaidi. Kasi ya ziada inahitaji mwendo mrefu wa kuikusanya, na mwendo mrefu wa kuiua wakati wa kutua. Barabara ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya mita 4,000. Ya Mombasa ni kama mita 3,350. Jua la mchana huongeza ugumu, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi zaidi, na ndege nzito huweza kulazimika kupunguza mzigo.

Dai la tano: Kama dunia ingekuwa inazunguka, ndege isingeweza kutua

Dai hili huvutia kwa sababu lina hesabu ndani yake. Kwenye ikweta, uso wa dunia husafiri kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, kasi inayozidi ya sauti. Uwanja wa Entebbe uko kama kilomita tano tu kaskazini ya ikweta, na barabara yake kuu ya kurukia imelala karibu kaskazini-kusini. Mwenye dai anauliza: barabara hiyo inakimbia kiubavu kwa kasi yote hiyo, rubani anayekuja kwa kilomita 250 kwa saa ataipataje?

Ataipata kwa sababu na yeye anakimbia nayo. Ndege iliyoegeshwa tayari inakwenda mashariki pamoja na ardhi. Ikiruka, hakuna kinachoipokonya mwendo huo, na hewa inayoizunguka nayo inazunguka pamoja na dunia. Panda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Ikifika kilomita 160 kwa saa, rusha chungwa juu na ulidake. Kwa sekunde moja ambayo chungwa limekuwa hewani, treni imesogea zaidi ya mita 40, lakini chungwa limerudi mkononi mwako. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa chumba ndani ya merikebu. Mwaka 1640 Pierre Gassendi alilijaribu huko Marseille: vitu vilivyoachiwa kutoka juu ya mlingoti wa chombo kilichokuwa kikienda viliangukia penye shina la mlingoti, havikubaki nyuma.

Jibu hilohilo linawahusu wanaosema helikopta ingeweza kuelea angani ikangoja mji ulio magharibi uje wenyewe. Na safari ya London kwenda New York inayochukua muda mrefu kuliko ya kurudi husababishwa na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi.

Wengine huuliza mbona rubani hainamishi pua kuufuata mviringo wa dunia. Nyuzi moja ya mviringo huo ni kilomita 111. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ndege huigeukia dunia kwa nyuzi moja katika dakika saba na zaidi. Ni mgeuko wa polepole mno, na hutokea wenyewe. Mvutano huelekea kitovu popote ndege ilipo, tabaka za hewa zimeizunguka dunia, na kipimo cha kimo husoma shinikizo la tabaka hizo. Rubani anayeshikilia kimo chake tayari anaufuata mviringo.

Athari ya mzunguko wa dunia ipo, na mabaharia wetu wameitumia kwa karne nyingi bila kuipa jina. Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki. Ukishavuka ikweta hupinda kulia, ukawa upepo wa kusini-magharibi unaosukuma vyombo kuelekea Bara Hindi. Kinachoupinda ni mzunguko wa dunia. Anayesema dunia imesimama atueleze kusi hupindwa na nini.

Dai la sita: Angani kuna mashimo ya hewa, na ndege hutumbukia humo

Hewa haina mashimo. Penye upungufu wa hewa, ya jirani huingia papo hapo. Kinachotikisa ndege ni hewa inayopanda na kushuka. Ardhi iliyopata joto huipandisha, mlima huipindua, wingu la radi huivuta na kuitupa. Bawa likikutana na hewa inayoshuka, nguvu ya kuinua hupungua ghafla na tumbo huhisi kama limeachwa. Mara nyingi kimo kilichopotea ni kidogo kuliko abiria anavyodhani. Hatari kubwa ni kwa mtu asiyefunga mkanda, maana ndege hushuka kabla yake, naye akakutana na dari.

Palipo na hatari ya kweli ni karibu na ardhi. Wingu la radi huweza kumwaga hewa baridi chini kwa nguvu, na hewa hiyo ikifika ardhini hutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayokuja kutua hukutana kwanza na upepo wa mbele, na bawa hupata nguvu ya ziada. Sekunde chache baadaye iko katikati, hewa ikiisukuma chini. Kisha upepo huja kwa nyuma. Kama ulikuwa kilomita 40 kwa saa mbele na sasa ni 40 nyuma, bawa limepoteza kilomita 80 za kasi ya hewa, na ardhi iko karibu. Mtaalamu wa hali ya hewa Tetsuya Fujita alilifumbua jambo hili baada ya kuchunguza ajali ya ndege ya Eastern jijini New York, tarehe 24 Juni 1975. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Agosti 1985, upepo wa aina hiyo uliiangusha ndege ya Delta huko Dallas na kuua watu 137. Vifaa vya kuutambua upepo huo vikaja kuwa lazima kwenye ndege za abiria za Marekani.

Kwa hiyo rubani akizunguka juu ya Ziwa Victoria akingoja wingu la radi lipite, au akigeuza kwenda uwanja mwingine, asilaumiwe. Amekataa kuweka bawa lake kwenye hewa asiyoweza kuitegemea.

Dai la saba: Kutua ni kuiacha ndege ianguke polepole, na rubani hodari hatui kwa kishindo

Kwa kawaida ndege ya abiria hushuka kwenye mteremko wa nyuzi 3, na injini zake zinafanya kazi. Kama ina uzito wa tani 60, mabawa yake bado yanabeba takriban tani 59.9. Hiyo haiwezi kuitwa kuanguka. Wakati huohuo, kwa sababu ya mteremko, uzito wenyewe huisukuma mbele kwa kani ya tani 3 hivi. Injini hujazia tu kinachobaki kushinda ukinzani wa hewa. Ikienda kilomita 250 kwa saa, inashuka chini ya mita 4 kwa sekunde. Karibu na ardhi rubani huinua pua kidogo ili kuipunguza hata hiyo.

Magurudumu yakigusa, kazi hugeuka. Sasa bawa linalobeba ni kikwazo, kwa sababu gurudumu lisilo na uzito juu yake haliwezi kushika breki. Ndipo vibao huinuka juu ya mabawa na kuivuruga hewa, nguvu ya kuinua hufa, na tani zote huketi kwenye matairi. Barabara ikiwa imeloa, rubani aliyefunzwa vizuri hutua kwa uthabiti makusudi, ili matairi yapasue maji na kushika lami. Akitafuta ulaini, ndege huweza kuteleza juu ya maji na kuimaliza barabara. Kishindo cha siku ya mvua mara nyingi ni ushahidi wa rubani anayeijua kazi yake.

Naomba jambo moja kwa walimu na wazazi. Mtoto akiuliza ndege hurukaje, asiambiwe imeshinda mvutano wa dunia, wala asipewe hadithi ya hewa mbili zinazokimbilia kukutana. Mpelekeni aone tanga likiupinda upepo, kisha mwambieni bawa ni tanga lililolazwa. Nawe msomaji, ukisafiri, omba kiti cha dirishani nyuma ya bawa. Magurudumu yatakapogusa, utaona vibao vikiinuka na utahisi ndege ikiwa nzito chini yako. Uzito huo ulikuwapo safari nzima. Hewa ndiyo iliyokuwa imeubeba.